Dhahabu ya Jipu: Dawa Isiyoua Mdudu Itaaminiwa na Nani?

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, huwa napita kwanza kwenye sahani zilizosahaulika. Ijumaa mtu aliotesha usaha wa jipu kwenye aga, ile jeli ya kuoteshea bakteria, yenye damu ya kondoo, Jumamosi aliyekuwa zamu akaisoma, akaandika majibu, kisha sahani ikaachwa pembeni ya meza badala ya kwenda kwenye mtungi wa mvuke. Jumamosi vidoa vya bakteria vilivyoota humo vilikuwa na weupe wa maziwa yaliyolala. Leo vina unjano wa kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Hakuna aliyeviongezea chakula wala dawa. Vimekaa tu kwenye joto la chumba na kuendelea kujipaka.

Kwetu sisi wa maabara rangi hiyo imekuwa kitambulisho, basi. Ukiiona, ukadondosha haidrojeni peroksaidi ikatoa mapovu, ukaweka plazma kwenye mrija ikaganda, unaandika Staphylococcus aureus na kuvuta sahani nyingine. Rangi ni kama sare ya shule: inakuambia mtoto anasoma wapi, haikuambii kama ni mgomvi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wa mazoezi kwa miaka, mpaka niliposoma kwamba sare yenyewe ni ngao.

Jina la mdudu huyu lilianza na rangi. Mwaka 1880 daktari mpasuaji wa Aberdeen, Uskoti, Alexander Ogston, aliweka usaha wa jipu chini ya hadubini akaona viduara vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Miaka miwili baadaye akaviita stafilokokasi, kutokana na neno la Kigiriki la kichala hicho. Mwaka 1884 Mjerumani Friedrich Rosenbach akavigawa kwa macho tu: vya njano akaviita aureus, yaani vya dhahabu, na vyeupe akaviita albus. Hata sahani mashuhuri kuliko zote, ile ya Alexander Fleming ya mwaka 1928 katika hospitali ya St Mary's, London, ilikuwa mezani kwa sababu za namna hii: alikuwa akifuatilia vidoa vya stafilokokasi vinavyobadilika sura na rangi kadiri sahani inavyokaa. Ukungu ukaangukia humo, dunia ikapata penisilini, na habari ya rangi ikawekwa kabatini.

Ilibidi ufike mwaka 2005 ndipo George Liu, Victor Nizet na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walipoonyesha rangi hii inamsaidia nini mwenyewe. Maelezo yake yanaanzia jikoni. Rangi ya dhahabu, iitwayo stafilozanthini, ni ya ukoo wa karotenoidi, ndugu wa rangi ya karoti, papai na mawese. Ukoo huu una tabia moja: humeza sumu za oksijeni kabla hazijaunguza kitu kingine. Na sumu za oksijeni ndizo silaha kubwa za neutrofili, wale askari weupe wa damu wanaowahi kufika kwenye jipu na ambao maiti zao ndizo usaha wenyewe. Neutrofili akishammeza bakteria humfungia kwenye kifuko na kummiminia peroksaidi pamoja na asidi ya haipoklorasi. Hiyo ya pili mnaijua, ndiyo inayofanya kazi ndani ya jiki. Mwilini mwetu kuna askari wanaoua wadudu kwa jiki, na stafilokokasi wa dhahabu anaingia vitani amejipaka mawese ngozi nzima.

Waliithibitisha kwa njia ambayo mtu yeyote angeielewa. Kwanza walivuruga jeni moja ya kutengeneza rangi. Bakteria wakatoka weupe, na neutrofili wakawaua kwa urahisi kuliko ndugu zao wa njano. Kisha wakafanya kinyume chake. Walichukua jeni za rangi wakampa streptokokasi wa koo, ambaye kwa kawaida hana unjano huo. Akageuka njano, akawa mgumu kuuawa, na vidonda vyake kwenye ngozi ya panya vikawa vibaya zaidi. Halafu likaja jaribio la tatu, ambalo watu wengi hulipita haraka na mimi nitalirudia baadaye: walitumia damu yenye neutrofili wasioweza kutengeneza sumu za oksijeni, kwa sababu ya ugonjwa wa kurithi. Humo, mweupe na wa dhahabu walipona sawasawa. Ngao haina maana kama hakuna anayerusha mkuki.

Baada ya hapo wazo la dawa lilijileta lenyewe. Ukizuia rangi, unamvua mdudu ngao, na kazi ya kuua unamwachia mwenye mwili. Mwaka 2008 likatokea jambo ambalo hata mtunga hadithi angeona haya kulibuni. Kimeng'enya kinachoanza kazi ya rangi, CrtM, kilionekana kufanana umbo na kimeng'enya cha binadamu kinachoshughulika na hatua mojawapo ya kutengeneza lehemu (kolesteroli). Vyote viwili huchukua malighafi ileile na kuunganisha mbili mbili. Kwa hiyo kikundi kilichomjumuisha Eric Oldfield wa Illinois kilipekua makabati ya dawa zilizobuniwa kushusha lehemu, wakapata moja iliyoitwa BPH-652. Bakteria waliooteshwa nayo walitoka weupe kama chokaa. Panya walioambukizwa na kupewa dawa hiyo walikutwa na bakteria pungufu kwa takriban 98% kuliko wenzao wasiopewa. Mwaka 2016 watafiti wa China wakaonyesha kwamba naftifini, dawa ya kupaka ya fangasi wa ngozi inayouzwa tayari katika nchi kadhaa, nayo huzuia rangi hiyohiyo kwenye hatua inayofuata.

Basi tuna dawa ya lehemu na dawa ya fangasi, zote zinamvua nguo mdudu ambaye, kwa hesabu iliyotolewa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2022, aina yake sugu ya MRSA peke yake ilisababisha vifo zaidi ya 100,000 duniani mwaka 2019. Mbona hadi leo hakuna dawa ya kuzuia rangi iliyofika dirisha la famasia?

Jibu rahisi ni fedha, na ni la kweli kiasi. Kampuni kubwa zimekimbia utafiti wa antibiotiki za kawaida, sembuse kitu kigeni namna hii. Lakini naona kuna kikwazo kingine, na kiko mezani kwangu, kwenye rula.

Simu ya wodini huwa inakwenda hivi:

"Kaka wa maabara, shikamoo. Ile sahani ya kidonda cha kitanda cha sita inasemaje?"

"Marahaba, daktari. Ni stafilo. Penisilini hapana, kotrimoksazoli hapana, klindamaisini inakubali."

"Nimpe klindamaisini?"

"Mpe."

Hayo mazungumzo yote yanatoka kwenye duara. Unapaka bakteria kwenye sahani nzima kwa pamba, unabandika vikaratasi vyenye dawa, kesho yake unapima kwa milimita eneo ambalo hakikuota kitu kuzunguka kila kikaratasi. Duara pana, unaandika S, yaani dawa inakubali. Duara dogo au hakuna, unaandika R, yaani mdudu ni sugu. Mfumo wetu wote, kuanzia fomu ya majibu mpaka mwongozo wa matibabu mpaka takwimu za usugu tunazotuma wizarani, umejengwa juu ya swali moja: dawa imeua, au imezuia kuota?

Sasa bandika pale kikaratasi cha dawa ya kuzuia rangi. Kesho yake hakuna duara. Bakteria wameota mpaka ukingoni mwa karatasi, wanene, wenye afya, ila ni weupe. Kwa rula yangu hiyo ni milimita sifuri, na kwenye fomu naandika R, sugu. Dawa imefanya kazi yake yote na mimi nimeifelisha. Sisukumwi na dharau kuandika hivyo. Kipimo chenyewe hakina macho ya kuona kilichotokea. Ndani ya sahani hakuna neutrofili, na bila wao ushindi wa dawa hauonekani. Wanaozisifu dawa hizi huandika kurasa nyingi juu ya umbo la kimeng'enya na nusu mstari juu ya jambo hili, nami naona wamepindua uzito. Dawa ambayo fundi wa maabara ya wilaya hawezi kuisemea, daktari wa wilaya hawezi kuiandika.

Nirudi kwenye lile jaribio la tatu. Kama askari wa mgonjwa hawana sumu, kumvua mdudu ngao hakubadilishi kitu. Haya, tuwaangalie wanaokufa na stafilokokasi. Mtoto njiti ambaye akiba yake ya neutrofili inaisha upesi. Mgonjwa wa saratani aliye katikati ya matibabu, ambaye chembe zake nyeupe zimeshuka kiasi kwamba mashine inazihesabu kwa shida. Aliyeungua moto nusu ya mwili. Hao ndio wanaoihitaji dawa mpya kuliko wote, na hao ndio walio na jeshi dogo la kumalizia kazi. Dawa ya kuvua ngao ni dawa ya mtu mwenye nguvu zake, na mwenye nguvu zake mara nyingi jipu lake hupasuliwa, likasafishwa, akarudi shamba.

Halafu kuna kisa cha fedha, ile ya rangi na si ya kununulia, nacho huwakera mashabiki wa dhahabu. Kaskazini mwa Australia na kaskazini-mashariki mwa Thailand kuna stafilokokasi waliodhaniwa kwa muda mrefu kuwa aureus wa kawaida, ila vidoa vyao ni vyeupe. Walipopimwa jeni ikaonekana hawana kabisa kifurushi cha jeni za stafilozanthini, na mwaka 2015 wakapewa jina lao, Staphylococcus argenteus, wa fedha. Ungetegemea wawe wanyonge. Lakini nchini Thailand wagonjwa wa maambukizi ya damu waliolinganishwa, wenye wa fedha na wenye wa dhahabu, matokeo yao yalikaribiana, ingawa wa fedha walileta matatizo ya upumuaji machache kuliko wa dhahabu. Kwa hiyo rangi ni ngao mojawapo kwenye ghala lenye ngao nyingi. Stafilokokasi ana pia kimeng'enya cha katalasi kinachovunja peroksaidi, ndicho kinachotupa yale mapovu. Ana sumu za kutoboa chembe nyeupe. Ana uwezo wa kujizungushia plazma iliyoganda.

Lipo dai jingine ambalo husemwa kama aya ya dini: kwamba dawa isiyoua haizalishi usugu, maana haimlazimishi mdudu kufa au kubadilika. Nusu yake naikubali. Dawa ya namna hii ingewaacha kwa amani bakteria wema wa tumboni, na stafilokokasi anayeishi tu puani mwa mtu, kama alivyo kwa takriban watu 3 katika kila 10, asingepata sababu kubwa ya kuhangaika. Lakini ndani ya jipu mambo ni mengine. Kama ni kweli asiye na rangi anauawa na mwenye rangi anapona, basi yule mmoja aliyebadilisha kimeng'enya chake ili dawa isimshike ndiye atakayebaki na kuzaa. Huwezi kusema ngao inaokoa maisha ya mdudu, kisha useme kunyang'anywa ngao hakumsumbui. Chagua moja.

Rangi zenyewe haziko sawa, na kuziweka zote kapu moja kumechanganya mjadala huu. Aliyewahi kufungua bendeji ya kidonda cha moto akakuta kijani cha majani mabichi, na harufu tamu kama juisi ya zabibu, amekutana na Pseudomonas aeruginosa. Mfamasia wa jeshi la Ufaransa, Carle Gessard, ndiye aliyeifuatilia buluu na kijani ya vitambaa vya vidonda mwaka 1882, na buluu hiyo ndiyo payosianini. Hii si ngao hata kidogo, ni jambia. Inazalisha zile sumu za oksijeni ndani ya seli zetu wenyewe, inalegeza vinyweleo vinavyofagia makohozi kwenye njia ya hewa, inaharakisha kifo cha neutrofili. Mwenzake wa kijani-manjano, payovadini, ni mwizi wa chuma: hutolewa nje ya bakteria, huikwapua madini ya chuma kwenye protini za damu yetu na kurudi nayo nyumbani.

Kwa mwizi wa chuma wamejaribu ujanja wa galiamu, madini yanayofanana na chuma kiasi cha kumlaghai mdudu akayabeba, halafu hayafanyi kazi ya chuma. Ila ujanja uliofika hospitalini kwa kishindo ni mwingine. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha sefidarokoli, antibiotiki iliyobebeshwa mkono wa kushika chuma, ili bakteria aifungulie mlango akidhani ni mzigo wake. Ikishaingia, haimvui nguo wala haimwibii rangi. Inamuua, kama binamu zake wa ukoo wa penisilini wanavyoua. Naomba tuliangalie hilo vizuri. Katika elimu yote hii ya rangi na chuma, kilichopita majaribio, kikapata kibali na kuingia kwenye miongozo ni kile kinachoacha duara kwenye sahani.

Rangi ninayoiwazia usiku ni ya tatu, kwa sababu iko kwetu pwani. Streptokokasi wa kundi B huishi kimya ukeni na tumboni mwa wanawake wengi. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2016 ulimkuta kwa takriban 12% ya wajawazito waliopimwa, ukamhusisha na watoto kuzaliwa wafu na maambukizi ya wachanga. Maabara za Ulaya humtambua kwa kumwotesha kwenye aga iliyobuniwa Granada, Hispania, ambako anageuka rangi ya chungwa. Miaka nenda rudi mafundi waliitazama rangi hiyo ya chungwa na kuandika jina lake. Mwaka 2013 kikundi cha Seattle kikaonyesha kwamba rangi hiyo, granadaini, ndiyo yenyewe sumu inayopasua chembe nyekundu za damu na kumsaidia mdudu kupenya utando wa kondo. Kitambulisho na kisu vilikuwa kitu kimoja. Hapo hoja yangu ya jeshi dogo inalegea, na nakubali ilegee: ukimnyang'anya mtu kisu, umemsaidia hata asiye na mlinzi. Kama ningekuwa na fungu la utafiti la kugawa, la kwanza lingekwenda huko, si kwenye dhahabu.

Kwa dhahabu ningeweka fedha kidogo, na ningeiweka kwenye taa. Mwaka 2019 kikundi cha Ji-Xin Cheng cha Boston kilionyesha kwamba mwanga wa buluu wa nanomita 460 hupausha stafilozanthini palepale ilipo, na utando wa bakteria ukabaki na vitobo. Ukimimina peroksaidi baada ya hapo, inaingia. Peroksaidi ile ya chupa ya kahawia iliyo kwenye kila zahanati, ambayo kwa kawaida mdudu huyu huichekea kwa mapovu. Hapo huna haja ya kumsubiri neutrofili amalizie kazi, maana jiki umeileta mwenyewe. Kwa kidonda cha nje, kinachofikiwa na mwanga, ni wazo linaloweza kuishi mahali ambapo umeme ni wa sola. (Tochi ya simu haitoshi, na tafadhali msianze kuijaribu kwenye majipu ya watoto, palikuwa na vipimo maalumu vya nguvu ya mwanga, na jipu dawa yake ya kwanza bado ni kupasuliwa na mtu aliyesomea.)

Wanaotaka vidonge vya kuzuia rangi nao wana njia, wakikubali kuianzia mezani kwetu. Bakteria asiye na rangi huvumilia peroksaidi kidogo kuliko mwenye rangi. Hilo limeshaonekana tangu 2005. Basi kikaratasi kiwe na vyote viwili, dawa na peroksaidi, pembeni yake kikaratasi cha peroksaidi tupu, na mimi nipime tofauti ya maduara mawili. Kipimo cha namna hiyo kinaweza kufanyika kwenye hospitali yenye jokofu na rula. Kitahitaji kusanifishwa, kubishaniwa, kurudiwa na maabara nyingi. Lakini daktari wa zamu akipiga simu nitakuwa na namba ya kumtajia.

Fomu yetu ya sasa, ile ya kwenye kompyuta, ina safu ya jina la mdudu, safu ya dawa, na safu ya S, I na R. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta rejista ya zamani kwenye kabati la chini, daftari kubwa la jalada gumu lililoliwa na mchwa pembeni, mwandiko wa mzee aliyestaafu kabla sijaajiriwa. Kila mstari ameandika kwa wino wa buluu: usaha, mguu wa kushoto, vidoa njano iliyokolea, damu imeyeyuka. Usaha, kwapa; vidoa vyeupe. Safu ya rangi imejazwa ukurasa hadi ukurasa, haijarukwa hata mara moja.